Mwenyeji Aliyefanywa Mgeni: Kisa cha Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na Riwaya ya Takadini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya kutwa iliyo kandokando ya Jiji la Dodoma, miaka michache baada ya Serikali kuhamishia shughuli zake huku. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa husika na mmoja wa walimu wawili wa ushauri na unasihi, kwa hiyo nasimulia mambo ambayo mengi niliyafanya mwenyewe, na baadhi yake niliyafanya vibaya. Majina ya watu, shule, kata na mwaka yameondolewa, na mambo machache kuhusu familia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwanafunzi mhusika nitamwita M, na mwenzake aliyekuwa mstari wa mbele kumcheka nitamwita K.

Usuli

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wengi wetu tuliuona kama ahadi ya kwenye karatasi, mpaka mwaka 2016 uhamisho ulipoanza kwa kasi na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Shule za pembezoni, ambazo awali zilipokea watoto wa vijiji jirani na wa wafanyabiashara wadogo, zikaanza kupokea watoto wa watumishi wa umma, wa mafundi na wa wachuuzi waliofuata ujenzi. Katika darasa ninalolizungumzia walikuwamo wanafunzi 58, na karibu nusu yao walikuwa wamehamia Dodoma katika miaka mitatu iliyotangulia, wengi kutoka Dar es Salaam na Morogoro.

M alizaliwa katika kijiji cha mkoa huu huu, kwa wakulima wa mtama, uwele na karanga ambao pia hufuga ng'ombe wachache. Alilelewa na bibi na babu yake, akahamia jijini akiwa kidato cha pili ili akae kwa mjomba wake, ambaye ni fundi ujenzi. Lugha yake ya kwanza ni Cigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma, na Kiswahili alikijulia shuleni. Insha zake zilikuwa safi kuliko za wengi waliokulia mjini, lakini aliposoma kwa sauti aliweka *l* mahali pa *r*, na mkazo wa maneno ulikuwa wa Cigogo. Alikuwa mpole, mrefu, na alivaa viatu vya mjomba wake ambavyo vilimpwaya.

Kwa hesabu yoyote ya kawaida, katika darasa lile M alikuwa mwenyeji na wenzake walikuwa wageni. Hesabu ya vijana haikuwa hiyo. Waliotoka Dar es Salaam walikuja na misemo, mitindo ya nywele na namna ya kuongea ambayo darasa zima, wakiwamo wale waliozaliwa hapa, liliichukua kuwa kipimo, na katika muhula mmoja neno "mshamba" lilihama kutoka kwa mtu aliyeingia mjini jana na kumwangukia mtu ambaye mji ulikuwa umemfuata nyumbani kwao.

Mfuatano wa matukio

Muhula wa kwanza tulianza kusoma *Takadini*, riwaya ya Ben Hanson ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi katika sekondari. Kwa asiyeikumbuka, ni habari ya Sekai, mwanamke wa jamii ya Washona nchini Zimbabwe, ambaye baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto anajifungua mtoto mwenye ualbino, yaani *musope* kwa lugha ya riwaya, katika jamii ambayo mila yake haimruhusu mtoto wa namna hiyo kuishi. Sekai anatoroka naye usiku, anafika katika kijiji cha mtemi Masasa, anapokelewa na mzee Chivero, na mtoto, ambaye jina lake ni Takadini, anakua akiwa pembeni, watoto wenzake wakikatazwa kucheza naye.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni swali ambalo nimelitumia kwa miaka saba bila kulitilia shaka: "Je, katika mazingira yetu, nani ni Takadini?" Nilitarajia wataje watu wenye ualbino, watoto wa mitaani, wajane. Sauti kutoka nyuma ikataja jina la M, darasa likaangua kicheko, nami, nakiri, nilitabasamu, nikaendelea na kipindi. Kufikia mapumziko ya saa nne M alikuwa na jina jipya, Musope, ingawa hana ualbino. Jina hilo halikuhusu ngozi. Walichokuwa wamekielewa, na walikielewa haraka kuliko nilivyodhani, ni kwamba Musope ni yule ambaye kijiji kinatakiwa kuamua kama atakaa au ataondoka.

Wiki ya tatu ilikuwa zamu ya safu yake kusoma kwa sauti. Alipofika penye "walirudi" akatamka "waliludi", na K, aliyekaa madawati mawili nyuma yake, akalirudia neno hilo kwa sauti ya kuigiza. M alinyamaza, akakaa, na tangu siku hiyo hakusoma tena kwa sauti katika kipindi changu. Nilimkemea K na kuwaambia wanafunzi kwamba hata jina la jiji wanaloringia limetoka katika Cigogo, katika neno *idodomya*, mahali palipodidimia, kwa masimulizi ya tembo aliyezama mtoni. Nilidhani nimewamaliza. Hakuna aliyejali.

Hapo nikapata wazo ambalo lilinifurahisha mno, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo kosa langu kubwa. Katika riwaya, mzee Chivero anamfundisha Takadini kupiga mbira, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Wagogo wana ala ya ukoo huo huo, *ilimba*, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya nchi nyingi. Nilijua kwamba babu yake M alikuwa nayo, nikamwomba M ailete darasani, nikiwa tayari nimeshaona akilini mwangu jinsi kijana aliyekuwa anachekwa atakavyopiga, darasa litakavyotulia, na riwaya itakavyojisomesha yenyewe. Alikubali, kwa sababu mtoto aliyelelewa na bibi yake hamkatalii mwalimu. Siku ilipofika akasimama mbele ameishika kama mtu aliyeshika mzigo wa mwenzake, akabonyeza vijiti viwili vitatu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sijui kupiga. Anayepiga ni babu." Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote vilivyotangulia. Baadaye nilikuja kujua kwamba M anapenda Bongo Fleva kama wenzake wote na kwamba kuleta ala ile kulimgharimu safari ya kijijini na mabishano na babu yake.

Wiki iliyofuata alianza kukosekana. Katika siku 20 za masomo zilizofuata alihudhuria tisa. Mjomba alipoitwa alishangaa sana, kwa kuwa kijana alikuwa akiondoka kila asubuhi amevaa sare. Tulimkuta kwenye saiti ya ujenzi, si mbali na shule, akibeba maji na kusaidia kukoroga zege kwa ujira wa siku. Nilipomuuliza kwa nini amechagua pale, hakutaja pesa kwanza. Alisema kwamba pale nusu ya vibarua wanaongea Cigogo na wengine wanaongea chao, na fundi hana muda wa kumrekebisha mtu matamshi maadamu ndoo inafika juu.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha walimu kilikuwa na mapendekezo matatu. Mwalimu wa nidhamu alitaka K na wenzake wanne waadhibiwe, na M pia aadhibiwe kwa utoro ili kusiwe na upendeleo. Mwalimu wa darasa alitaka M ahamishiwe mkondo mwingine. Mwalimu mmoja wa fasihi, kwa nia njema kabisa, alipendekeza nimpe M asome *Kichwamaji* cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1974 ambayo mhusika wake, Kazimoto, ni msomi asiyejikuta nyumbani popote, ili ajue kwamba upweke wake una wenzake vitabuni.

Nilipinga yote matatu. Adhabu ya hadharani ingemfanya M aonekane amechoma wenzake, na kwa vijana wa umri ule mnoko ana hali mbaya kuliko mshamba. Kumhamisha mkondo kungekuwa kurudia kile ambacho kijiji cha kwanza cha Sekai kilitaka kufanya, kwa ustaarabu zaidi. Kuhusu *Kichwamaji*, Kazimoto anajiua mwishoni, na sikuwa tayari kumkabidhi kijana aliyeacha kula mchana na kuacha kuzungumza nyumbani kitabu chenye mwisho huo bila mtu wa kukisoma naye hatua kwa hatua. Mjomba alituhakikishia, na M mwenyewe alituhakikishia alipoulizwa moja kwa moja, kwamba hakuwa na mawazo ya kujidhuru. Tuliliuliza swali hilo mapema na waziwazi, na ningeshauri mwalimu yeyote alitangulize kabla ya kuanza kuchagua vitabu.

Tulikubaliana hivi: M arudi bila adhabu lakini afidie kazi alizokosa, mjomba amruhusu kufanya kibarua Jumamosi tu, kwa kuwa familia ilihitaji pesa hiyo na kuikataza kabisa kungekuwa unafiki, nami nibadilishe namna ya kufundisha riwaya iliyobaki. Kusoma kwa sauti kwa zamu kuliachwa. Wanafunzi wakasoma kimya, kisha wakajadili wawili wawili. Pia nililifuta swali la "nani ni Takadini" na kuwaagiza waandike bila majina, kwenye karatasi zinazofanana, ukurasa mmoja juu ya siku ambayo kila mmoja aliwahi kuwa mgeni.

Karatasi 54 zilirudi. Mmoja aliandika juu ya wiki yake ya kwanza Dodoma, alipodhani upepo wa vumbi ni dalili ya mvua akaanua nguo za jirani bila kuombwa. Mwingine aliandika kwamba nyumba waliyohamia haikuwa na dari, na kwamba aliwaficha marafiki wa Dar es Salaam picha zake kwa mwaka mzima. Wawili waliandika juu ya kuitwa "wa kuja" na majirani. Mmoja, kwa mwandiko niliokuja kuutambua, aliandika mistari mitatu tu: kwamba nyumbani wanaongea lugha ambayo shuleni haisemi, na kwamba anaogopa siku mama yake atakapokuja shuleni.

Huyo alikuwa K. Sikumwambia kwamba nimemtambua, na sikutumia karatasi yake kwa namna yoyote. Siku ya kikao cha wazazi, mwezi mmoja baadaye, mama yake K alipita uani, akamwona bibi yake M aliyekuja kutoka kijijini amekaa chini ya mwarobaini, akamwinamia na kumsalimu kwa Cigogo, "Mbukwenyi." Bibi akaitikia, wakaulizana habari za koo na za mvua kwa muda mrefu, huku watoto wao wamesimama pembeni hatua tatu kila mmoja, bila mmoja kumtazama mwenzake.

Matokeo

M alirudi na katika muhula uliobaki alikosa siku mbili tu. Alama zake za Kiswahili zilipanda kidogo. K aliacha kuigiza matamshi yake tangu kikao kile cha wazazi. Hawakuwa marafiki, na sikuona sababu ya kuwalazimisha wawe. Jina la Musope lilififia darasani lakini halikufa, na liliwahi kusikika hata M alipokuwa kidato cha nne.

Lipo pia tokeo ambalo hatukulitarajia. Katika kidato cha pili alikuwapo msichana mwenye ualbino, mwenye uoni hafifu, ambaye alikuwa akikaa dawati la mbele na kuvaa kofia pana. Kwa majuma kadhaa alikuwa akisikia neno Musope likiitwa uani, na mtu alikuwa amemweleza maana yake. Alimwuliza mwalimu wa kike anayesimamia wasichana kwa nini kaka yule mrefu anaitwa vile wakati hana ualbino, na kama ni kweli kwamba ni tusi. Katika nchi ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 imesikia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, sisi walimu wa shule nzima tulikuwa tumekaa kikao juu ya jina hilo bila hata mmoja wetu kumkumbuka yeye. Mkuu wa shule alilipiga marufuku kwenye paredi bila kueleza sababu, na hilo likawafanya hata wasiolijua walijue. Mwalimu yule wa kike ndiye aliyekaa na msichana mara kadhaa, na kazi yake ilizaa matunda kuliko tangazo letu.

Uchambuzi

Tunafundisha fasihi ya mtu wa pembeni kwa imani kwamba msomaji akimhurumia mhusika atamhurumia na jirani. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kijana anaweza kumhurumia Takadini kwa dhati, akaandika insha nzuri ya kulaani mila potofu, na mapumziko akatoka kwenda kumfanyia mwenzake jambo lile lile, bila kuona mgongano wowote. Nilisahihisha insha ya K juu ya ubaguzi katika riwaya katika wiki ile ile aliyoigiza "waliludi". Nilimpa alama 16 kati ya 20, na hata leo naona alistahili.

Sababu, kwa maoni yangu, ilikuwa katika swali langu. Swali la "nani ni Takadini" lina jibu ambalo daima ni mtu mwingine. Lilimweka mwanafunzi mmoja katika nafasi ya mhusika na kuwapa wengine 57 nafasi ya wasomaji wenye huruma, ilhali riwaya yenyewe imejaa nafasi nyingine: wapo wazee wanaohofia laana, wapo wanawake wanaowakataza watoto wao, yupo mtemi anayelazimika kuamua mbele za watu, yupo Chivero anayefungua mlango bila kuomba ruhusa. Hao ndio waliofanana na darasa langu. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha kijiji kizima kana kwamba ni kitabu cha mtoto mmoja.

Kuhusu ilimba, kosa halikuwa tu kwamba sikuuliza kama anajua kupiga. Hata angepiga kwa ustadi, sharti nililomwekea lingekuwa lile lile, yaani kwamba ili akubalike lazima awe na kitu cha kuonyesha, na kitu hicho kiwe cha kabila lake. Mtoto wa Dar es Salaam hakuombwa kuleta ngoma ya Wazaramo ili ahalalishe kukaa kwake darasani. Wenzake walikuwa wamemfanya mshamba, nami nikamfanya onyesho la utamaduni, na kwa mtazamo wa M sidhani kama tofauti ilikuwa kubwa. Walimu tunaopenda mila tuna udhaifu huu zaidi kuliko wasiozijali.

K na wenzake walipoulizwa walijitetea kwa neno ambalo kila Mtanzania analijua: "Ni utani tu, mwalimu." Utetezi huo haupaswi kupuuzwa, kwa kuwa utani ni jambo tunaloliheshimu, lakini una kanuni zake. Watani hujibizana, anayetaniwa ana haki ya kurudisha, na mtani huyo huyo ndiye anayekuja msibani na kushika kazi. M hakuwa na la kurudisha, kwa sababu mjini hapakuwa na kichekesho kinachokubalika juu ya mtu wa Dar es Salaam, na hapakuwa na hata mmoja wao ambaye angekwenda kijijini kwao kwenye msiba. Nilipowaeleza hivyo, walinyamaza kwa namna ambayo hawakunyamaza niliposema habari za tembo na jina la jiji. Nadhani ni kwa sababu safari hii sikuwa namtetea M. Nilikuwa nawapima kwa kanuni yao wenyewe.

Kilichofaa zaidi katika hatua tulizochukua ni kile kisicho na mvuto wa kusimulia, yaani kuacha kusoma kwa sauti kwa zamu. Zoea hilo lilikuwa linamweka M hatarini kila wiki bila kumfundisha chochote ambacho kusoma kimya kusingemfundisha. Karatasi zisizo na majina zilifaa pia, ila kwa kiasi. Ziliwapa vijana mahali pa kusema bila kutazamwa, lakini nilizisoma peke yangu, na nikajikuta nabeba siri za watoto 54 bila mpango wa nini cha kufanya nazo. Tano kati yake zilihitaji ufuatiliaji wa unasihi, na mbili nilichelewa kuzifanyia kazi. Mwalimu atakayeiga njia hii apange ufuatiliaji kabla ya kugawa karatasi.

Kikao cha wazazi hakiwezi kuhesabiwa kama hatua yetu. Salamu ile ya mama yake K ilifanya kile ambacho mipango yangu yote haikukifanya, na haikukusudiwa kufundisha mtu yeyote.

Mwaka uliofuata nilianza tena *Takadini* na darasa jingine. Ubaoni niliandika: "Ungekuwa kwenye baraza la kijiji usiku aliozaliwa mtoto yule, ungekaa upande gani, na ungekuwa unaogopa nini?" Hakuna aliyetaja jina la mtu. Kengele ililia wakiwa bado wanaandika.